Kaokoka Jumapili mkutanoni. Jumatatu nani anamgongea mlango? (Uzi wa malezi ya waongofu wapya, Dar)

Mpiga Hodi (mleta mada)

Wakuu, Bwana asifiwe kwa wanaoitikia, na salamu kwa wengine wote.

Humu ndani tumeshachambana vya kutosha kuhusu zaka, maji ya upako na nani nabii wa kweli. Leo naomba tumgeukie mtu ambaye hana habari na mabishano hayo, yule aliyeokoka juzi na bado hajui Waefeso iko mbele au nyuma ya Biblia. Mimi si mchungaji. Ni fundi friji, na kanisani natumika upande wa ufuatiliaji, huku Temeke. Nitaandika ninavyoona, mwenye kuona vingine aweke hapa.

Dar mikutano haiishi. Jangwani, Biafra pale Kinondoni, Mwembeyanga, Tanganyika Packers kule Kawe, ukikosa wa mwezi huu utapata wa mwezi ujao. Mhubiri anaita, watu wanasogea mbele, wanaongozwa sala ya toba, wengine wanalia kwelikweli. Wahudumu wanapita na vikaratasi: jina, namba ya simu, unakaa wapi, unasali wapi. Vinakusanywa, vinatiwa kwenye bahasha ya kaki, idadi inatangazwa jukwaani na vigelegele vinapigwa.

Sasa njoo Jumatatu uifungue hiyo bahasha. Huyu kaandika namba, imepungua tarakimu moja. Huyu simu inapokewa na mume, anauliza wewe nani na namba ya mke wangu umeitoa wapi. Huyu hapatikani. Huyu yuko kwenye daladala, anasema nitakupigia, na wewe unajua hatapiga. Penye makazi mtu kaandika "Mbagala", basi. Mbagala ipi? Rangi Tatu? Kizuiani? Zakhem? Charambe? Ukimaliza kuchambua unabaki na watu wachache, na hao wachache unawaambia waje darasa la waongofu Jumamosi saa tisa alasiri. Muuza nguo wa Kariakoo Jumamosi saa tisa ndiyo yuko kwenye mauzo!

Hoja yangu ni hii. Muumini mpya hahitaji kanisa kubwa, anahitaji mtu mmoja anayekaa karibu naye. Nikisema karibu nina maana ya kwenda kwa miguu. Awe wa jinsia yake, mwenye maisha yanayofanana na yake, anayeweza kupita saa moja usiku akitoka kazini, akakaa kidogo akaondoka bila kusubiri kupikiwa. Na ikiwa mtu wa aina hiyo aliye karibu ni wa kanisa lingine, si letu, basi tumkabidhi huko. Najua hapo nimechokoza nyuki.

Lakini someni Matendo ya Mitume. Sauli, ndiye Paulo, anaingizwa Damasko haoni, na anayekwenda kumwekea mikono ni Anania, mwanafunzi wa hapohapo Damasko. Hakutumwa mtume kutoka Yerusalemu. Hiyo ni sura ya 9. Mbele kidogo wanafunzi wa Yerusalemu wote wanamwogopa, Barnaba anamchukua mpaka kwa mitume. Sura ya 11 Barnaba huyohuyo anafunga safari hadi Tarso kumtafuta, anarudi naye Antiokia, wanakaa mwaka mzima. Sura ya 18 yupo Apolo, msemaji hodari, maandiko anayajua, ila kuna kitu kimepungua. Prisila na Akila hawakumsimamisha mbele ya sinagogi kumsahihisha. Walimchukua kwao, wakamweleza. Na hao walikuwa mafundi mahema, watu wa kazi za mikono kama mimi.

Naendelea hapo chini, msijaze kwanza.

Mpiga Hodi

Haya, kinachofanyika wiki za mwanzo.

Biblia. Usimpe mtu Biblia ukamwambia "soma". Ataanza Mwanzo, atakwenda vizuri na Ibrahimu na Yusufu, Kutoka ataanza kuchoka kwenye vipimo vya hema, akifika Walawi anafunga kitabu. Mwanzishe na Marko. Ina sura 16, fupi kuliko Injili nyingine zote, na Yesu humo anatembea mbio. Ikiisha, Yohana. Union Version ya 1952 ndiyo tunayoisikia kanisani na ndiyo atakayosomewa, lakini kijana wa leo inampa tabu; mpe Habari Njema aisome sambamba. Kuna jambo wengi hawalijui: wapo watu wazima wasiojua kusoma vizuri na hawatakwambia. Atasema kasahau miwani. Atasema soma wewe mtumishi. Ukiliona hilo usilitangaze, soma naye kwa sauti, au mwekee Biblia ya kusikiliza kwenye simu ukiwa na bando.

Sala. Waongofu wengi wanaogopa kuomba kwa sababu wameshamsikia mhubiri akiomba kwa kipaza sauti na wanadhani ndivyo inavyotakiwa. Akusikie wewe ukiomba kwa sauti ya kawaida, kuhusu kodi ya chumba na mtoto anayekohoa. Na Baba Yetu asiibeze eti ni ya madhehebu fulani.

Hirizi. Kuna ndugu zetu wakishampata mwongofu wanaingia chumbani kwake, wanapekua chini ya godoro, wanatoka na kitambaa chekundu mikononi wakipiga kelele, majirani wote nje. Acheni hiyo. Matendo 19:19, kule Efeso waliovileta na kuvichoma vile vitabu vya uganga ni wenyewe waliokuwa navyo. Hakuna aliyevamiwa. Mtu akiifikia hatua hiyo atakuita yeye, mtachoma wawili.

Madhabahu. Tukimpata aliyekuwa mganga, kibaka au msanii, wiki ya pili tumeshampa kipaza sauti. Anazungushwa kanisa hadi kanisa na ushuhuda wake, na kila akiusimulia unanenepa. Paulo alimwonya Timotheo kuhusu kumpa uangalizi mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna akaanguka (1 Tim. 3:6). Mwacheni akae kwenye benchi aimbe kama wengine.

Na pesa. Mlezi hakopi kwa anayemlea, hapokei sadaka yake mkononi, hamuuzii bidhaa za mtandao wa biashara, hamwingizi kwenye kikoba chake mwezi wa kwanza. Hapo sina mjadala.

Nawasilisha. Uwanja ni wenu.

Kobe wa Kimara

Nimekaa mbele kabisa na kahawa yangu.

Katekista Mstaafu

Mleta mada umeandika vizuri ila umeandika kama vile Ukristo ulianza na mikutano ya viwanjani. Sisi Wakatoliki mtu mzima akitaka kuingia hatumwongozi sala jioni moja tukampongeza. Anapokelewa, anakuwa mkatekumeni, anafundishwa kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka na zaidi. Mwanzoni mwa Kwaresima kuna ibada ya uteuzi, ya kuwatangaza watakaobatizwa Pasaka. Mkesha wa Pasaka anapokea sakramenti tatu usiku mmoja: Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi. Na baada ya hapo haachwi, kuna kipindi cha mistagojia hadi Pentekoste, cha kumfafanulia yale aliyoyapokea. Huo si utaratibu mpya. Kanisa la karne za mwanzo lilikuwa na ukatekumeni mrefu. Agostino mwenyewe alibatizwa na Ambrosi kule Milano, Pasaka ya mwaka 387. Ulikuja kufifia, na baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukarudishwa rasmi, kitabu cha ibada kikatoka 1972.

Na hiyo hoja yako ya jirani, sisi tunayo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele mwaka 1976. Jumuiya inasali nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa. Ukihamia leo Tabata Kimanga, jumuiya ipo, mwenyekiti anajulikana, ukifiwa watakuja.

Mpiga Hodi

Mzee wangu Katekista, shikamoo. Nakubali kabisa, na kwa kweli nawaonea wivu kwa hizo jumuiya. Swali moja la kichokozi: msimamizi wa ubatizo anamlea kweli huyo mtu, au anaonekana siku ya picha?

Katekista Mstaafu

Marahaba. Umenishika pabaya, hehe. Utaratibu unamtaka msimamizi awe mwamini anayeishi imani yake na anayemsindikiza mtu. Hali halisi ya mjini, wengi wanachagua msimamizi mwenye gari la kubebea keki. Nimefundisha katekesi muda mrefu, na wale waliodumu wengi wao walikuwa na bibi fulani wa jumuiya anayewapitia alfajiri kwenda misa. Msimamizi wa kwenye cheti alikuwa Mikocheni.

Nyundo ya Segerea

Mleta mada, hapo kwenye "tumkabidhi kanisa lingine" nakupinga waziwazi. Unajua huko wanafundisha nini? Leo kila kona kuna banda la mabati na spika mbili. Unamtoa mwanao tumboni unampeleka kulelewa na mtu usiyemjua, kesho anauziwa chupa ya mafuta elfu hamsini. Bora apande daladala mbili aje kwetu ale chakula kisafi.

Mpiga Hodi

Nyundo, hofu yako ni ya haki na siipuuzi. Ndiyo maana sikusema apelekwe popote. Sisi tulikaa na makanisa ya jirani, Walutheri, Waanglikana, Wamoravian, TAG (Assemblies of God), tukawa na orodha ya watu tunaowafahamu kwa sura, si ya makanisa. Sikabidhi kwa kanisa la Yombo, nakabidhi kwa mama fulani wa Yombo anayeuza mkaa, ambaye nimemwona kwenye misiba na najua anavyoishi na mumewe.

Sasa hizo daladala mbili. Mtu anakaa Chanika, kanisa liko Temeke. Jumapili ya kwanza anakuja. Ya pili anakuja, kachelewa. Ya tatu mvua za masika, barabara ya kwao haipitiki. Ya nne hana nauli, na haya ya kusema hana nauli. Ya tano anaona aibu kwa kukosa mara mbili. Hapo ameondoka, na hakuna aliyemfukuza. Mafundisho yetu safi tumebaki nayo wenyewe.

Tuseme ukweli, mara nyingi tunachogombania ni idadi. Mchungaji anataka aonekane kanisa limejaa.

Nyundo ya Segerea

Hiyo ya mwisho umemlenga mtu. Lakini sawa, orodha ya watu badala ya makanisa, hapo nimekuelewa. Bado sikubali asilimia mia.

Cherehani Nne

Naomba niseme la kwangu, maana hapo kwenye pesa nimetoa macho. Nilipookoka nilipewa mlezi, dada wa heshima kabisa, kanisa silitaji. Mwezi wa pili akaniomba nimuazime hela ya ada ya mtoto. Nikampa, ningekataaje mtu aliyenifundisha kuomba? Mwezi wa nne tena. Nikawa nikimwona naye anapita pembeni, ananikwepa, na mimi nikaacha kwenda kanisani kwa sababu nikienda nitaonekana nadai. Pesa haikurudi, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza kitu chochote cha imani. Yeye ndiye alikuwa mlango wangu peke yake.

Mpiga Hodi

Pole sana dada. Hapo umenifundisha kitu: mlezi mmoja, ndiyo, lakini mwongofu awe na namba ya mtu wa pili, wa kumwendea yule wa kwanza akimkosea. Kwa KKKT, yaani Walutheri, mzee wa mtaa anaweza kuwa huyo. Kwetu Wapentekoste huwa ni mama wa idara ya wanawake au shemasi.

Binti wa Magomeni

Habari zenu. Nasoma tu huwa sichangii, leo naomba ushauri. Nyumbani kwetu ni Waislamu, nakaa kwa shangazi. Nimemwamini Yesu tangu mwanzoni mwa mwaka kupitia rafiki yangu wa chuo. Nyumbani nimemwambia dada yangu tu. Kikundi ninachosali nao wananiambia nibatizwe wiki ijayo, nibadili jina na nihame, maana "nuru na giza havikai pamoja". Sina pa kuhamia. Shangazi ndiye aliyenisomesha. Mfungo ukija sijui nitafanyaje.

Mpiga Hodi

Binti, asante kwa kutuamini. Tutakujibu kwa utulivu, na wengine naomba msimwage mahubiri hapa.

Mosi, uhuru wako upo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, inalinda hata haki ya kubadili dini. Hakuna mwenye ruhusa ya kukulazimisha, upande wowote. Hata hao wa kikundi chako.

Pili, jina. Hakuna andiko linalokudai ubadili jina ulilopewa na wazazi. Ukitaka baadaye, shauri lako.

Tatu, kuhama. Anayekwambia uhame akuonyeshe kitanda. Simaanishi mzaha. Kama kanisa haliwezi kukupokea, kukulisha na kukumalizia ada, halina haki ya kukuhamisha. Paulo aliwaambia Wakorintho wenye wenzi wasioamini wasiwaache iwapo wenzi wako radhi kukaa nao (1 Kor. 7), na hiyo ni ndoa, itakuwaje shangazi aliyekulea?

Ubatizo ni agizo, usiuogope, ila hauna haja ya kufanywa kwa pupa wala kwa kificho cha kukimbizana. Tafuta mama mtu mzima, mkristo, jirani wa hapo Magomeni au Mwembechai, uongee naye kabla ya tarehe yoyote. Siku ya kumwambia shangazi umwambie wewe mwenyewe, ana kwa ana, kwa adabu yote, asisikie sokoni. Mfungo ukija endelea kusaidia jikoni kama siku zote. Kukaanga sambusa za futari hakukutoi kwa Kristo.

Ikiwa unaona kuna hatari ya kupigwa au kufungiwa ndani, hilo ni jambo jingine, sema mapema kwa mtu mzima unayemwamini.

Mswahili wa Kigogo

Mimi Muislamu, napita tu kusoma. Naomba nimwambie binti jambo moja. Dada yangu wa damu alibatizwa miaka mingi iliyopita. Mama alilia, sikufichi. Lakini kilichotutenganisha naye hakikuwa ule ubatizo. Aliacha kuja. Arusi ya mdogo wetu hakuja, khitma ya babu hakuja, aliambiwa huko kwao asije kula vyetu. Baadaye akapata mchungaji mwingine mwenye busara, akaanza kurudi nyumbani. Leo Idi anakuja na watoto wake, Krismasi sisi tunakwenda kwake. Dini kila mtu na yake, mbele ya Mungu tutajibu kila mtu kivyake. Usimkate shangazi yako, binti.

Binti wa Magomeni

Asanteni sana wote. Kaka wa Kigogo, Mungu akubariki. Mleta mada nimekuja faragha.

Boda Mwenge

Na mimi nina langu. Nimeokoka, namshukuru Mungu, pombe nimeacha. Nyumbani niko na mwanamke, tuna watoto wawili, hatujafunga ndoa. Kanisani wamesema naishi kwenye zinaa, nitengane naye kwanza ndipo nibatizwe. Nikimtoa anakwenda wapi na watoto? Yeye hajaokoka ila hanizuii.

Mzee wa Kanisa

Kijana wangu, hili nimelishughulikia mara nyingi, nikuelekeze.

Usimfukuze mama wa watoto wako kwa jina la Yesu. Huyo ni mkeo bila cheti. Hata sheria inalitambua kwa namna yake: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka 2 au zaidi na kuheshimika kama mume na mke, kuna dhana kwamba wameoana. Dhana hiyo haikupi cheti wala baraka ya kanisa, lakini inaonyesha ulichonacho ndani si kitu cha kutupa barazani.

Kinachokuchelewesha naamini ni sherehe. Vijana mnasubiri ukumbi, keki, kamati na suti. Toa taarifa ya kusudio la ndoa, sheria inataka siku 21 kabla, itangazwe, mfunge asubuhi siku ya kazi, mle pilau nyumbani. Makanisa mengi hapa mjini hufungisha ndoa za pamoja kwa watu wa hali kama yako bila gharama kubwa. Mahari nenda kaseme kweli kwa wakwe, hata kama ni kwa mafungu. Wakwe wakiona mtu kaja mwenyewe baada ya watoto wawili wanalainika. Kuhusu mwenzio ambaye hajaokoka, kila kanisa lina utaratibu wake. Kaa na mchungaji na umuulize uso kwa uso, usiupokee ujumbe kupitia kwa watu.

Katika kipindi hicho cha kusubiri, mpeane heshima, mlezi wako ajue mnachopitia. Na huyo mlezi asiwe kijana wa miaka ishirini asiyejua kodi inalipwaje.

Boda Mwenge

Mzee shikamoo, umenitua mzigo. Nilikuwa nimeshaanza kumtafutia chumba Goba.

Mhaya wa Ubungo

Niongeze kitu cha historia maana hapa watu wanadhani ufuatiliaji ni kitu cha juzi. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda na kwetu Bukoba. Kule nyumbani wazee walokole hawakuwa na darasa wala kitabu cha kujaza. Walikuwa na mkutano wa ushirika kila wiki, walei na wachungaji wameketi sawa, mtu anasimama anasema wiki hii nimedanganya kwenye mizani ya kahawa, nimerudisha. Wakaita kutembea nuruni. Muumini mpya alikuwa anajifunza toba kwa kumsikia mkubwa wake akitubu. Hilo la mkubwa kutubu mbele ya mdogo ndilo limepotea mjini. Leo mlezi anataka aonekane malaika.

Lakini nisiwapambe sana. Kulikuwa na ubaya wake pia, watu wakaanza kupimana, nani ametubu kwa machozi zaidi, nani bado "hajavunjika". Na siri za watu zikasambaa.

Cherehani Nne

Hilo la siri lizingatiwe jamani! Mtu anakwambia dhambi yake Jumatano, Ijumaa inakuwa "ombi la maombi" kwenye kundi la WhatsApp la kanisa.

Mpiga Hodi

Mhaya, umetia nyama kwenye uzi. Cherehani, sheria yetu ni kwamba ulichoambiwa na unayemlea hakiendi kwenye maombi ya kikundi hata ukificha jina. Mtaani watu wanajuana. Ukisema "kuna dada mmoja wa hapa Tandika anayeuza vitumbua" umeshamtaja. Tunaondoa hapo jambo linalohusu usalama wa mtu, hasa mtoto. Hilo halifichwi, linakwenda kwa mchungaji, ustawi wa jamii au polisi.

Kaunta ya Sinza

Swali kwa mleta mada. Nina mdogo wangu wa kiroho, alikuwa mhudumu wa baa. Alipookoka tukamwambia aache kazi, akaacha. Tumemwombea kazi nyingine. Wiki iliyopita nimesikia amerudi kaunta. Sasa nimwendee au nisubiri aje mwenyewe? Kikundi kinataka twende wote tukamwombee palepale.

Mpiga Hodi

Kwanza nikuulize na wewe. Alipoacha kazi, alikula nini?

Nauliza kwa sababu tunajua kumwambia mtu aache, halafu tunamwachia njaa. Mhudumu wa baa ana kodi, ana mama kijijini anasubiri cha kutuma, pengine ana mtoto. Kikundi chenu kina watu wangapi wenye maduka, saluni, mashine za chapati? Kabla hamjaenda kuombea mtu kaunta, kaeni mjiulize nani anaweza kumpa kazi au mtaji mdogo. Mtaji si lazima uwe mkubwa. Ndoo, jiko na unga wa kuanzia uji wa asubuhi pale kituoni, mama mmoja akamshika mkono wiki mbili za mwanzo, inawezekana.

Kwenda kundi zima pale baa, hapana kabisa. Mtamfukuzisha kazi mbele ya wateja na hatawasamehe. Nenda wewe peke yako, na usiende pale. Mpigie mchana akiwa ameamka, mkutane kwa mama ntilie asiyemjua, mle, ulipe wewe. Usianze na baa. Muulize mtoto anaendeleaje.

Kaunta ya Sinza

Alikula kwa dada yake mwezi mmoja, halafu dada naye akachoka. Kusema kweli hatukumpa kitu, tulimpa kalenda ya kanisa.

Mama Vitumbua

Kaunta, mimi niko Sinza Kumekucha, nauza vitumbua na supu asubuhi, msaidizi wangu amekwenda kujifungua. Ninaanza saa kumi usiku, si kazi ya mvivu, namwambia kabisa. Akitaka aje aone. Sijali kama amerudi baa, mimi nataka mtu mwaminifu wa hela na anayeosha vyombo vikatakata. Nitumie namba yako faragha.

Kaunta ya Sinza

Mama, nimekutumia. Leo yuko zamu ya usiku, nitampigia kesho saa sita akishaamka.

Kobe wa Kimara

Kahawa imeisha ila siondoki.